Asilimia Themanini ya Ng'ombe Gani?

Mzee alikabidhiwa kokoto mia moja. Mwanafunzi wa udaktari wa mifugo alizihesabu mbele yake, kumi kumi, akazimwaga juu ya kiroba kilichotandazwa chini ya mgunga. "Mzee wangu, tuseme hawa wote ndio ng'ombe wako. Nigawie: ndama, kisha mitamba na madume machanga, halafu wakubwa." Mzee hakuwa na haraka. Alisogeza kokoto kwa kidole kimoja, akarudisha nyingine, akamuuliza mwanawe jambo kwa Kimaasai, akasogeza tena. Rundo la ndama lilipokamilika akaombwa atoe humo waliougua mwaka uliopita, na miongoni mwa waliougua atenge waliokufa. Akatenga saba. Akazitazama kidogo, akarudisha mbili.

"Hao wawili walikwenda na ukame," alisema. "Usiwaandike kwenye ugonjwa."

Mwanafunzi akafuta, akaandika tano.

Kikao kile hunijia kila ninaposikia kwenye taarifa ya habari kwamba modeli za kitaalamu, yaani hesabu za kubashiri mwendo wa ugonjwa, zinaonyesha ugonjwa fulani wa mifugo utaenea hivi au vile. Sina ugomvi na modeli, na humu nitazitetea. Ila tunazipokea kwa namna mbili, zote mbovu. Wapo wanaozichukulia kama ramli, na wapo wanaozidharau kama michezo ya watu wa kompyuta ambao hawajawahi kukanyaga samadi. Wote wanasahau zile kokoto. Modeli hutoa kutokana na ilicholishwa, na katika nchi ya wafugaji wanaohama, mwenye chakula chake yuko machungani.

Mantiki yenyewe ni nyepesi kuliko alama zake. Chukua kundi, uligawe mafungu: wasio na kinga, walioambukizwa ambao bado hawajaanza kuambukiza wengine, wanaoambukiza, na waliopona wakabaki na kinga. Kisha sema ng'ombe wanatoka fungu moja kwenda jingine kwa kasi gani. Waskoti wawili, Kermack na McKendrick, waliyaandika haya kwa milinganyo mwaka 1927, na modeli nyingi za leo ni wajukuu wa kazi hiyo. Ndani yake namba moja ndiyo inayotawala. Wataalamu huiita R: ng'ombe mmoja mgonjwa akiingia katika kundi ambalo halijawahi kuugua wala kuchanjwa, ataambukiza wangapi kabla hajapona au kufa? Ikiwa chini ya moja, ugonjwa unajifia wenyewe. Ikizidi moja, jiandae.

Kutoka kwenye R unapata namba ya pili, ambayo mwenye bajeti ya chanjo ndiyo anayoitafuta: ni sehemu gani ya kundi lazima iwe na kinga ili ugonjwa ukose pa kwenda. R ikiwa nne, kila mgonjwa angeambukiza wanne. Ukihakikisha watatu kati yao wana kinga, anabaki na mmoja tu, na wagonjwa hawaongezeki tena. Robo tatu, basi. Ni hesabu ya darasa la sita.

Tuiweke kwenye sotoka, maana hakuna ugonjwa wa mifugo ulioigeuza historia ya ukanda huu kama huo. Uliingia Pembe ya Afrika mwaka 1887 na ng'ombe walioletwa na Waitalia kupitia Massawa, na katika miaka kumi hivi ulikuwa umefika kusini mwa bara. Wamaasai, ambao huuita olodua, wanakikumbuka kipindi kile kwa jina la Emutai: ng'ombe waliteketea, wakafuatwa na watu kwa njaa na ndui. Ilichukua miaka sabini hivi kupata chanjo nzuri ya kutumika mbugani, na ilitengenezwa jirani tu, Muguga nchini Kenya, na Walter Plowright na wenzake. Kampeni ya pamoja iliyoanza mwaka 1962 ikapita nchi baada ya nchi, ikachanja mamilioni kwa mamilioni hadi 1976. Sotoka ikapotea machoni. Fedha zikaelekezwa kwingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ikarudi, ikiua kama zamani.

Kwa nini irudi baada ya sindano zote zile? Mwaka 2005 Jeffrey Mariner na wenzake walichapisha modeli ya sotoka katika makundi ya wafugaji wa Afrika Mashariki. Pamoja na takwimu za vipimo vya damu ya ng'ombe, walitumia maelezo ya wafugaji wa kusini mwa Sudan na wa Somalia kuhusu umri wa mifugo yao na vifo vyake, yaliyokusanywa kwa njia za kumkalisha mfugaji na kumsikiliza, ukoo mmoja na kokoto za yule mzee. Kwa aina kali ya kirusi iliyokuwa kusini mwa Sudan walikadiria R ya 4.4. Ukifuata hesabu yetu, kinga inayotakiwa ni asilimia 77 hivi.

Sasa tuchanje, kwa namba zangu za mfano. Timu imejitahidi, imewafikia ng'ombe 85 katika kila 100. Si haba. Lakini tuseme chanjo haikushika kwa mmoja kati ya kila kumi: jua lilikuwa kali, boksi la barafu lilifunguliwa mara nyingi mno, dume mmoja aliruka dawa ikaishia manyoyani. Kinga halisi ni asilimia 76.5. Umekosa shabaha kwa chini ya ng'ombe mmoja, na bado umekosa. Mwaka unapita, tuseme sehemu ya tano ya kundi imeuzwa, imechinjwa au imekufa, na mahali pake wamesimama ndama ambao kinga waliyonyonya kwa mama zao imekwisha. Sasa una 61. Ukichelewa mwaka mwingine, uko chini ya 50. Ofisini makabati yamejaa fomu za chanjo zilizogongwa mihuri, na huko mbugani ugonjwa umeshapata kundi lake la kuanzia.

Kwa aina nyepesi iliyokuwa ikizunguka kwenye ng'ombe wa Wasomali, modeli ile ile ilitoa R kati ya 1.2 na 1.9. Kwa namba hiyo, kinga ya chini ya nusu ya kundi inatosha, na mtu angesema huyu ndiye adui mwepesi. Kumbe ndiye aliyesumbua hadi mwisho. Ng'ombe wake aliweza kupata homa kidogo, machozi kidogo, akapona bila mtu kumwita daktari. Nyati na tandala wa Tsavo hawakupata bahati hiyo. Kirusi hicho kiliwaua katikati ya miaka ya 1990, na ni kwa mizoga yao kilipojitangaza. Kumchanja kila ng'ombe dhidi ya adui wa namna hii kunaweza hata kukuziba macho, kwa sababu damu ya kundi zima itaonyesha kinga, na hutajua tena nani alikutana na kirusi na nani alikutana na sindano.

Kesi ya mwisho inayojulikana ilikuwa ya nyati katika Hifadhi ya Meru, Kenya, mwaka 2001. Mwaka 2011 dunia ikatangaziwa kuwa sotoka imetokomezwa, ugonjwa wa pili kutokomezwa baada ya ndui ya binadamu. Msomaji makini ameshaziona tarehe: modeli ilichapishwa miaka minne baada ya nyati yule. Haikuongoza vita. Sotoka ilimalizwa na chanjo iliyoboreshwa ikaweza kukaa takriban mwezi bila jokofu, na wachanjaji waliotoka miongoni mwa wafugaji wenyewe, wakitembea nayo Karamoja ya Uganda, Afar ya Ethiopia na kusini mwa Sudan, na wazee walioweza kusema mara ya mwisho kuuona ugonjwa ilikuwa msimu gani na kwenye kisima kipi. Modeli ilieleza kwa nini kampeni kubwa inaweza kupiga kazi na bado kuacha vijinga vya moto nyuma yake, na ilisaidia kulipima swali zito la miaka ile, wakati hakuna aliyejua kama nyati wa Meru ndiye wa mwisho: sotoka imekwisha, au imejificha? Huo ni mchango mkubwa. Ila wanaosimulia kana kwamba milinganyo ndiyo iliyoua sotoka wanawanyang'anya watu jasho lao.

Nichepuke kidogo, kwa sababu hesabu za milipuko na sotoka ni marafiki wa zamani. Februari 1866 Uingereza ilikuwa ikipoteza ng'ombe kwa sotoka kila juma, na wanasiasa walikuwa wakitabiri balaa lisilo na kikomo. William Farr, mtakwimu wa serikali, akaandika barua gazetini. Alipanga idadi ya ng'ombe walioshambuliwa kwa kila majuma manne: 9,597, kisha 18,817, kisha 33,835, kisha 47,191. Kila mtu aliona namba zinapanda. Farr aliona kwamba mara ya kwanza ziliongezeka karibu maradufu, mara ya pili mara 1.8, mara ya tatu mara 1.4. Mlima ulikuwa ukielekea kileleni. Akaandika kwamba ugonjwa utateremka karibuni, na uliteremka kweli, ingawa taratibu kuliko alivyobashiri. Lakini mwezi ule ule Bunge lilipitisha sheria ya kuua ng'ombe walioambukizwa. Ugonjwa uliteremka wenyewe, au uliangushwa?

Miaka 135 baadaye swali lile lile lilirudi, katika nchi ile ile.

Februari 2001 ugonjwa wa miguu na midomo uligunduliwa kwa nguruwe kwenye machinjio huko Essex. Kufikia hapo kirusi kilikuwa kimeshatangulia mbali. Kilikuwa kimetoka kwenye shamba la nguruwe Northumberland kikaingia kwa kondoo, ambao dalili zao huwa hafifu, na kondoo wakapita minadani, hasa ule wa Longtown karibu na mpaka wa Uskoti, wakasambazwa nchini kwa malori. Serikali ikakusanya vikundi vya wataalamu wa modeli, wakiwemo wa Imperial College ya London na wengine wa Cambridge na Edinburgh. Mwishoni mwa Machi ikashikwa sera iliyojulikana kwa saa zake: kwenye shamba lenye ugonjwa, mifugo iuawe ndani ya saa 24, kwenye mashamba yanayopakana nalo, ndani ya saa 48, iwe na dalili isiwe nazo. Kesi ya mwisho ilikuja Septemba 30. Mashamba 2,026 yalihesabiwa kuwa na ugonjwa. Mifugo zaidi ya milioni 6 ilikuwa imeuawa, ukijumlisha na ile iliyouawa kwa sababu ilizuiwa kuhamishwa ikakosa malisho. Hata uchaguzi mkuu ulisogezwa kutoka Mei hadi Juni.

Wenye modeli walitetea kwamba bila kuua mifugo ya majirani mlipuko ungekuwa mkubwa zaidi na mrefu zaidi. Madaktari wa mifugo waliowapinga walisema maambukizi yalikuwa yameshafika kileleni kabla sera ya saa 48 haijaanza kufanya kazi. Kwamba katazo la kuhamisha mifugo, na kuua haraka penye ugonjwa, vilikuwa vimeshaugeuza mlima. Katika baadhi ya mashamba yaliyoteketezwa, maabara haikukuta kirusi. Ubishi huo uliendelea kwenye majarida kwa miaka.

Nimezisoma pande zote mbili na naelemea kwa madaktari, lakini si kwa kuamini kwamba wanahisabati walikosea kujumlisha. Waliulizwa: tukiua kwa duara pana zaidi, maambukizi yatapungua? Bila shaka yatapungua. Ukiua ng'ombe wote wa nchi, ugonjwa wa ng'ombe unakwisha kesho asubuhi. Ni mifugo mizima mingapi tuko tayari kuua ili kuokoa mingine, na nani atasimama kwenye geti la mtu kumweleza, hayo hayakuwa maswali ya kompyuta, ila yalivalishwa koti la kompyuta ili wakubwa wasiulizwe. Jibu lilikuja kwa njia isiyo ya kitaalamu hata kidogo. Aprili, ndama mmoja mweupe wa Devon alikutwa hai kati ya mizoga siku kadhaa baada ya wauaji kupita. Magazeti yakamwita Phoenix, nchi ikapiga kelele, serikali ikalegeza masharti. Hakuna modeli iliyokuwa na mstari wa ndama yule.

Kitu kingine cha kule ambacho watu wa huku hupenda kukiruka: wafugaji wale walilipwa fidia, zaidi ya pauni bilioni 1 kwa jumla. Walilia, wengine hawakupona moyoni, lakini hundi ilifika. Kwa hiyo ninapoona mpango wa kudhibiti ugonjwa uliojengwa juu ya modeli ya nchi ya fidia, umeletwa nchi isiyo na fidia, huwa naruka moja kwa moja kwenye ukurasa wa karantini.

Niliwahi kulala kijiji kimoja cha kanda ya kati wakati wa karantini ya ugonjwa huo huo wa miguu na midomo. Tangazo lilibandikwa mlangoni pa ofisi ya kata, lina muhuri. Mnada ulifungwa. Saa nane za usiku nikasikia kwato, nyingi, zikipita nyuma ya nyumba. Kengele hazikulia, zilikuwa zimefungwa matambara. Asubuhi mwenyeji wangu hakuona haya kunieleza. "Kijana wangu anarudi shule Jumatatu," alisema. "Ada yake ataitoa karantini?"

Ndani ya modeli, usiku ule wote ni namba moja: sehemu ya safari za mifugo ambayo karantini inaizuia. Mtafiti aliyeko mbali ataandika tisa ya kumi, kwa sababu ndivyo tangazo linavyosema. Kama ukweli ni nne ya kumi, kila mchoro unaofuata ni wa kijiji kingine. Na si kwamba zile safari nyingine zimebaki vilevile. Ng'ombe ambaye angepita mnadani mchana, akaonwa na daktari, kibali chake kikaandikwa, sasa anapita porini usiku, anakunywa kwenye lambo la watu wengine, anachanganyika na makundi ambayo kwa njia ya kawaida asingekutana nayo. Karantini imepunguza safari na wakati huo huo imezifanya ziwe za hatari zaidi, na imetufumba macho tusizione.

Hapa ndipo ningetaka modeli zitumike, na ndipo sizisikii. Tunaziuliza karantini ingefanya nini kama kila mtu angetii. Tuziulize swali la mwenyeji wangu: tukiacha mnada wazi kwa wanyama wa kuchinjwa tu, wapakiwe palepale na kwenda moja kwa moja machinjioni, na watu saba kati ya kumi wakatii kwa sababu bado wanapata ada, tutakuwa na wagonjwa wachache kuliko tukifunga kabisa na kutiiwa na wanne? Hilo kompyuta inalijibu kwa mchana mmoja. Lakini lazima mtu aende kwanza akalale pale kijijini.

Homa ya Bonde la Ufa inaonyesha upande mwingine, ambapo modeli ilifanya yake sawasawa. Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza mwaka 1931, baada ya kondoo kufa karibu na Ziwa Naivasha, na tabia zake zinafahamika. Hulala miaka, huamka na mafuriko. Inaaminika kwamba mayai ya mbu fulani hukaa na kirusi kwenye udongo mkavu wa madimbwi hadi maji yafike. Bahari ya Hindi na ya Pasifiki zikipata joto pamoja, mvua za vuli hupita kiasi, na setilaiti huona vyote viwili, joto la bahari na majani yanayochipua pasipo kawaida. Mwaka 1999 watafiti walionyesha kwamba dalili hizi zikiunganishwa, mlipuko unaweza kubashiriwa miezi kadhaa kabla. Mwishoni mwa 2006 wakatoa ubashiri, na Desemba, sikukuu ya kuchinja ikikaribia, watu wakaanza kufa Garissa, Kenya. Mapema 2007 ugonjwa ulikuwa Tanzania, ukaanzia kaskazini na kushuka hadi Dodoma na Morogoro. Watu 144 waliripotiwa kufa upande huu wa mpaka.

Wafugaji wa Kisomali hawakungoja setilaiti. Wana neno lao, sandik, la mnyama anayetoka damu puani, na kwa mvua ile na mbu wale walijua kinachokuja. Utafiti uliofanywa baadaye Kenya na Tanzania ulifuata kumbukumbu za wafugaji ukapata ratiba: kutoka mvua kubwa hadi mawingu ya mbu, wiki tatu na siku chache, kutoka mbu hadi mnyama wa kwanza mgonjwa, wiki mbili na ushei, kutoka mnyama hadi mtu wa kwanza, wiki mbili na nusu. Jumla ni karibu miezi miwili.

Miezi miwili inaonekana mingi hadi ukae kiti cha mkurugenzi. Chanjo iagizwe, itengenezwe, isafirishwe kwa barabara ambazo mafuriko yamezikata, kisha mnyama apewe siku za kujenga kinga. Ukichelewa ukachanja mlipuko ukiwa umepamba moto, kwa sindano moja kutoka mnyama hadi mnyama, unaweza kukisambaza kirusi kwa mkono wako mwenyewe. Na ukiwahi, ukatumia fedha za mwaka mzima, mvua ikagoma? Mkaguzi wa hesabu hana fungu la "nilifuata ubashiri". Baada ya balaa lile, ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, walikaa na wataalamu wa ukanda huu wakaandaa mwongozo wa hatua kwa hatua: tahadhari ikitolewa ufanye hili, mvua ikianza ufanye lile, mbu wakizidi usikae kungoja maabara. Hauna milinganyo inayovutia macho. Kwangu ni moja ya kazi bora zilizotoka kwenye taaluma hii, kwa sababu uliwahurumia watu wanaolazimika kusaini.

Sasa tuko kwenye msimu mwingine wa sindano. FAO na shirika la afya ya wanyama duniani walijiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa sotoka ya mbuzi na kondoo, ndugu wa sotoka ile, ambayo kwetu ilithibitishwa mwaka 2008 huko Ngorongoro. Juni 2025 Tanzania ilizindua mkoani Simiyu kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo: homa ya mapafu kwa ng'ombe, sotoka kwa mbuzi na kondoo, kideri kwa kuku. Nimefurahi, bila kinyongo. Hereni kwenye sikio la ng'ombe, ikiandikwa vizuri, ni kokoto isiyopotea. Mbuzi ndio wanaonitia wasiwasi. Huzaa haraka, huuzwa haraka, na kundi lao hugeuka jipya upesi kuliko la ng'ombe, kwa hiyo ule mteremko wa kutoka 76 hadi 61 kwao ni mkali zaidi. Mwenye kupanga ratiba ya chanjo bila kumuuliza mfugaji mbuzi wake huzaa mwezi gani anachanja mama, halafu anaondoka wiki chache kabla ya watoto.

Nilirudi kwa yule mzee mwaka uliofuata. Wachanjaji walikuwa wamepita, na taarifa niliyoonyeshwa kabla ya safari ilisema kijiji kimefikia asilimia 80. Nikampongeza. Akaniuliza walikuja mwezi gani, nami nikamtajia ule ulioandikwa: wa tisa.

"Mwezi wa tisa vijana wako mbali na ng'ombe," alisema. "Hapa tunabaki na wa maziwa na wenye kuchechemea."

Akamtuma mjukuu alete kokoto, zilikuwa bado zipo, ndani ya kopo la maziwa ya unga. Akaweka ishirini juu ya kiroba. Hao ndio waliokutwa. Akaondoa nne, akanionyesha zilizobaki kwa ncha ya fimbo. Zile themanini nyingine hakuzitoa kabisa. Alikuwa amezitia kwenye mkunjo wa shuka lake.